Inanga kongwe ya Burundi: Namna ya kuitambua na kuitunza

Inanga iliyokaa darini kwa miaka mingi ikishushwa, mara nyingi jambo la kwanza linalomjia mwenye nyumba ni kuisafisha. Ndoo ya maji, kipande cha msasa na mkebe wa vanishi vinatosha kuifanya ing'ae kabla ya jua kuchwa. Lakini siku hiyo hiyo hufutika alama zinazoweza kueleza ala hiyo ni ya kale kiasi gani, ilipigwa vipi na ilipita katika mikono ya watu wa namna gani.

Hilo ndilo jambo kuu la kufahamu kuhusu ala kongwe za nyuzi nchini Burundi. Kinachoitambulisha inanga ya kale ni uchakavu wake, na utunzaji mwema huanza kwa kujizuia kuuondoa uchakavu huo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Bugarama, eneo la milima lililo kaskazini mwa mji wa Rumonge. Bugarama hii, ambayo si ile ya Muramvya, ilikuwa mojawapo ya tarafa tano zilizounda mkoa wa Rumonge ulipoanzishwa mwaka 2015, pamoja na Burambi, Buyengero, Muhuta na Rumonge yenyewe.

Upande wa chini liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Upande wa juu iko safu ya milima ya Kongo na Nile, inayozidi mita 2,000. Safari fupi kutoka kilimani hadi ufukweni humtoa mtu kwenye ubaridi na kumwingiza katika joto lenye unyevunyevu. Ubao uliozoea hali moja ukihamishiwa nyingine hutanuka au husinyaa, na hapo ndipo nyufa huanza.

Inanga ni ala ya namna gani?

Inanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Umbo lake hufanana na hori au sinia refu lenye kingo zilizoinuka kidogo, na urefu wake huwa karibu mita moja. Haina shingo kama gitaa, wala haina vigingi vya kukazia nyuzi.

Katika ncha zake mbili kuna mapengo yaliyokatwa kama meno. Uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenye mapengo hayo, ukaenda na kurudi mara kadhaa juu ya uwazi wa ala, hata ukaonekana kama nyuzi nyingi. Idadi ya misitari hiyo hutofautiana, lakini nane au karibu ya hapo ni jambo la kawaida nchini Burundi. Kwa Kirundi nyuzi hizo huitwa imirya.

Zamani uzi ulitengenezwa kwa mishipa au matumbo ya ng'ombe. Baadaye zikaja nyuzi za mimea, waya na nailoni. Mti uliopendelewa ni ule mwepesi unaochongeka bila shida, kama umwungo, ambao wataalamu wa mimea huuita Polyscias fulva. Wepesi huo unaompendeza mchongaji ndio pia unaowapendeza wadudu.

Mpigaji huketi, ala ikiegemea mapajani mwake, akazipiga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Tofauti na ngoma ya kifalme, ambayo ngoma zake na uchezaji wake viliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO mwaka 2014, inanga si ala ya uwanjani. Ni ala ya ndani, ya jioni, ya wasikilizaji wachache wanaokaa karibu.

Kwa nini sauti yake ya chini ina thamani?

Burundi inajulikana miongoni mwa wataalamu wa muziki duniani kwa mtindo wa inanga ya kunong'ona. Katika mtindo huu mpigaji haimbi kwa sauti. Hunong'ona maneno yake huku vidole vikicheza kwenye nyuzi, na msikilizaji husikia kana kwamba mnong'ono huo unapanda na kushuka kama wimbo.

Mnong'ono kwa kawaida hauna sauti ya kupanda wala kushuka, kwa sababu nyuzi za koo hazitetemi mtu anaponong'ona. Kupanda na kushuka huko hutoka kwenye ala. Sikio huunganisha mlio mzito wa nyuzi na pumzi ya mpigaji, likavifanya viwili hivyo kuwa kitu kimoja. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales, aliyeuchunguza mtindo huu kwa undani, aliutumia kueleza namna akili ya mwanadamu inavyoijenga sauti inayoisikia.

Mtafiti Michel Vuylsteke aliirekodi inanga ya namna hii nchini Burundi mwaka 1967, na rekodi zake zikachapishwa Ufaransa katika mfululizo wa Ocora. Kupitia sahani hiyo, watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga Burundi waliifahamu sauti hiyo.

Jambo hili linahusu utunzaji moja kwa moja. Ikiwa mnong'ono unategemea mlio wa ubao, basi kila kinachobadilisha ubao hubadilisha wimbo. Tabaka nene la vanishi huongeza uzito na ugumu. Ufa uliojazwa gundi nyingi huzuia mtetemo. Sakafu ya ala iliyopigwa msasa hadi ikawa nyembamba haiwezi tena kurejeshwa.

Majina yanayochanganya

Anayetaka kutambua ala hii hana budi kuanza na jina, kwa kuwa jina hilo limeenea katika eneo lote la Maziwa Makuu na halimaanishi kitu kimoja kila mahali.

Nchini Rwanda inanga ni ala ya jamii moja na ile ya Burundi, na baadhi ya inanga za huko zina matundu yaliyokatwa sakafuni kwa umbo la nyota. Wahaya wa mkoa wa Kagera, Tanzania, wana enanga, iliyosindikiza tenzi za mashujaa ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi alizitafiti katika miaka ya 1980. Wakiga wa kusini magharibi mwa Uganda nao wanayo enanga. Washi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, huiita ala yao lulanga.

Lakini ennanga ya Buganda ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni kinubi chenye shingo iliyopinda, kisanduku kilichofunikwa ngozi na vigingi vya kukazia nyuzi. Karatasi ya muuzaji inayosema tu "nanga kutoka Maziwa Makuu" haijaeleza lolote mpaka umbo la ala lenyewe litazamwe.

Burundi kwenyewe kuna ala nyingine ambazo wageni huzichanganya na inanga. Umuduri ni upinde wenye uzi mmoja na kibuyu. Indingiti ni zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde mdogo. Ikembe ni kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, kinachofanana na marimba ya mkononi inayojulikana kwa Waswahili.

Ala isiyo na lebo

Wanaokusanya ala kongwe katika nchi nyingine mara nyingi huanza kwa kusoma maandishi. Mfano mzuri ni ukulele, gitaa dogo la Hawaii lenye nyuzi nne. Ala hiyo ilitokana na gitaa dogo lililoletwa Honolulu mwaka 1879 na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, wakiwemo mafundi seremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kiwanda cha Martin cha Marekani kilianza kuuza ukulele zake mwaka 1916. Kwa hiyo mtu mwenye ukulele kongwe huchungulia ndani ya tundu lake, akatafuta lebo au mhuri, akaoanisha na miaka ya mtengenezaji.

Inanga haina lebo. Aliyeichonga hakuandika jina lake, na mara nyingi alikuwa jirani wa aliyeipiga.

Maabara nayo haitoi jibu rahisi. Upimaji wa umri kwa kaboni hauna uhakika kwa vitu vya karne tatu zilizopita, kwani kipimo kimoja huweza kulingana na miaka kadhaa iliyo mbalimbali. Kuhesabu duara za ukuaji wa mti, njia inayofaa katika nchi zenye baridi kali, hukwama kwa miti mingi ya tropiki kwa sababu duara zake hazifuati mwaka kwa ukamilifu.

Kinachobaki ni kuusoma mwili wa ala wenyewe.

Dalili za kutazama

Alama za chombo. Inanga ya kale ilichongwa kwa tezo na kisu. Ukiielekeza kwenye mwanga wa pembeni, sakafu yake huonyesha mabonde madogo yasiyolingana, kila moja likiwa pigo la tezo. Mistari iliyonyooka na kufanana ni dalili ya msumeno au mashine.

Mapengo. Hapa ndipo ala hueleza mengi zaidi. Uzi unaovutwa na kukazwa kwa miaka hula mbao taratibu, ukaacha mfereji laini unaoelekea upande uzi ulikovutiwa. Mapengo makali, yenye kingo mpya na rangi ileile ya ndani ya mti, hayajawahi kubeba uzi kwa muda mrefu.

Sehemu za kushikwa. Kingo zilizoegemea paja na zilizopitiwa na viganja huwa laini na zenye mng'ao, huku pembe za ndani zikibaki na ukwaru. Uchakavu wa kweli hauenei sawa kila mahali, bali hufuata mwili wa mpigaji. Ala iliyochakaa sawasawa pande zote inatia shaka.

Moshi. Ala iliyokaa katika nyumba yenye moto wa kuni hupata weusi ulioingia ndani ya vinyweleo vya mti. Weusi wa rangi ya viatu au wa udongo uliopakwa hukaa juu juu. Kitambaa cheupe kikavu kikipitishwa kwa upole mahali pasipoonekana hutosha kuonyesha tofauti, kwa kuwa rangi ya kupaka hubaki kwenye kitambaa.

Viraka. Ufa ulioshonwa kwa uzi wa mmea au waya, na kipande cha bati kilichopigiliwa juu ya tundu, si dosari za kuonea haya. Hakuna anayehangaika kushona ufa wa kitu asichokitumia. Kiraka ni ushahidi kwamba ala ilipendwa na iliendelea kupigwa baada ya kuvunjika.

Matundu ya wadudu. Wadudu watoboao mbao huacha matundu madogo ya mviringo, mara nyingi ya milimita moja hadi mbili, yaliyotawanyika bila mpangilio, na njia zake hupinda ndani ya mti. Matundu yaliyonyooka na yenye ukubwa mmoja huenda yametobolewa kwa keekee ili kitu kipya kionekane cha kale.

Nyuzi. Hizi ndizo dalili dhaifu kuliko zote. Nailoni ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na katika mwambao wa Tanganyika mshipi wa kuvulia samaki hupatikana kwa urahisi. Inanga yenye uzi wa nailoni inaweza kuwa na mwili wa miaka mingi, kwani uzi hukatika na kubadilishwa. Vilevile uzi wa mshipa wa ng'ombe unaweza kufungwa jana juu ya ala iliyochongwa juzi.

Hakuna dalili moja inayotosha. Mtu akute kadhaa zinazokubaliana: mapengo yaliyolika upande uleule ambao kingo zimelainika, na viraka vilivyopata moshi uleule uliopatwa na mwili. Dalili zikipingana, ala hiyo huenda imetengenezwa kwa ajili ya watalii au imekarabatiwa vibaya.

Maadui wa inanga kongwe

Adui wa kwanza ni mabadiliko ya unyevu. Makumbusho mengi hujaribu kuweka unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60, lakini kilicho muhimu kuliko tarakimu ni utulivu. Katika mwambao wa Rumonge, miezi ya mvua, takriban Oktoba hadi Mei, hufuatwa na kiangazi cha Juni hadi Septemba. Ala iliyo chini ya paa la bati hupata joto kali mchana na ubaridi usiku, mwaka mzima.

Adui wa pili ni wadudu. Mchwa huingia kutoka ardhini, na watoboao mbao hutoka ndani ya mti wenyewe au huhamia kutoka samani za jirani. Katika nyumba za zamani moshi wa jikoni ulisaidia kuwafukuza. Ala iliyohamishiwa kwenye nyumba isiyo na moshi hupoteza kinga hiyo, na mwenyewe hana budi kuikagua mara kwa mara.

Adui wa tatu ni maji ya ziwa. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba, barabara na bandari ya Rumonge. Kitu kilichohifadhiwa sakafuni au mvunguni mwa kitanda ndicho cha kwanza kulowa.

Adui wa nne ni mkono wenye nia njema. Rumonge ni eneo la michikichi, na mafuta ya mawese yako karibu kila nyumba, hivyo ni rahisi kufikiri kwamba ubao mkavu unahitaji kupakwa mafuta. Mawese hunasa vumbi, huchacha, hulisha ukungu na kuifanya mbao iwe nyeusi kwa namna isiyoondoka. Vanishi, rangi ya viatu na sabuni navyo ni vya kuepukwa.

Hatua za kuitunza nyumbani

Piga picha kwanza. Kabla ya kugusa chochote, ala ipigwe picha pande zote, ikiwemo sakafu yake, mapengo na namna uzi ulivyopitishwa na kufungwa. Picha ya fundo ina thamani, maana fundo likifunguliwa bila kumbukumbu ni vigumu kulirudisha.

Safisha kwa ukavu. Brashi laini yenye nywele za asili inatosha kuondoa vumbi na utando wa buibui. Brashi ifuate mkondo wa nyuzi za mti, bila kusugua. Vumbi lililo ndani ya nyufa na mapengo liachwe kama halitoki kwa urahisi.

Legeza, usikate. Nyuzi zilizokazwa huivuta ala mchana na usiku. Kama uzi ni wa nailoni au waya na unalegea bila nguvu, ulegezwe kidogo. Kama ni wa mshipa wa ng'ombe uliokauka, uachwe ulivyo, kwa kuwa hukatika ukipindwa.

Chagua mahali. Ukuta wa ndani wa nyumba ni bora kuliko wa nje unaopigwa na mvua na jua. Ala ilazwe juu ya rafu, si sakafuni, ikifunikwa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato. Mfuko wa plastiki uliofungwa hunasa unyevu na kukuza ukungu. Kutundika kwa uzi wake wenyewe ni kuivunja polepole.

Kagua kila mwezi. Unga mwembamba unaofanana na wa muhogo chini ya ala ni ishara kwamba wadudu wako kazini. Ala itengwe na nyingine mara moja, iwekwe juu ya karatasi nyeupe ili unga mpya uonekane.

Tumia baridi badala ya sumu. Makumbusho huua wadudu kwa kugandisha. Ala huvishwa plastiki, hewa hutolewa na plastiki kuzibwa, kisha huwekwa katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi. Ikitolewa huachwa ndani ya plastiki kwa siku nzima hadi ipate joto la chumba, ili maji yasitande juu ya ubao. Majokofu makubwa ya wauza samaki yanaweza kufikia baridi hiyo, lakini umeme ukikatika katikati kazi inapaswa kuanza upya. Ala iliyolowa haigandishwi, na yenye nyufa kubwa ipelekwe kwanza kwa mtaalamu.

Dawa za kupuliza ziepukwe. Katika karne iliyopita makumbusho mengi ya Ulaya yalitumia aseniki na DDT kwenye vitu vya mbao, na hadi leo wafanyakazi hulazimika kuvaa glavu wanapovishika. Anayepokea ala iliyowahi kuwa katika mkusanyiko wa kale naye achukue tahadhari hiyo.

Ikilowa, ikaushwe taratibu. Tope lioshwe kwa maji safi kabla halijakauka, bila kusugua. Kisha ala ifutwe kwa kitambaa kwa kukigandamiza tu, ikalazwa kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu. Jua na moto hukausha upande mmoja haraka kuliko mwingine, na ubao hupasuka.

Ipigwe au inyamazishwe?

Hapa wataalamu hawakubaliani, na kila upande una hoja. Wahifadhi wa makumbusho husema ala kongwe ikikazwa upya inaweza kupasuka mahali palipo na udhaifu usioonekana, na kila upigaji hula mapengo zaidi. Wanamuziki hujibu kwamba inanga iliyonyamaza imebaki nusu, kwani ilichongwa ili isikike.

Njia ya kati inayotumika sehemu nyingi ni kutengeneza nakala. Ala ya kale hupimwa urefu, upana, kina na unene, na fundi akachonga nyingine kwa mti wa aina ileile. Nakala hupigwa, hufundishia watoto na husafiri. Ya kale hubaki kuwa kipimo cha kurudiwa kila mara.

Kwa inanga yenye afya, isiyo na ufa wala wadudu, kupigwa kwa upole na mtu anayeijua kuna faida moja isiyopatikana vinginevyo. Mzee aliyeizoea akiishika tena huweza kukumbuka namna nyuzi zilivyopatanishwa na maneno yaliyonong'onwa. Simu ya mkononi iliyowekwa karibu inatosha kurekodi mlio wa kila uzi, kisha wimbo mzima.

Historia iandikwe pamoja na ala

Mwambao wa Rumonge ulipitia machafuko ya mwaka 1972, na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwasukuma watu wengi zaidi kuvuka mpaka kuelekea Tanzania. Familia inayokimbia hubeba watoto, chakula na nguo. Ala yenye urefu wa mita moja hubaki nyuma, ikaungua na nyumba, ikaokotwa na mwingine au ikaliwa na mchwa.

Kwa sababu hiyo inanga yenye historia inayojulikana ni nadra kuliko inanga yenyewe. Huenda mwili wa ala uko kwenye kilima cha Bugarama, na mtu pekee anayekumbuka aliyeipiga anaishi Katumba au Mishamo, magharibi mwa Tanzania, makazi yaliyowapokea wakimbizi wa miaka ya 1970.

Karatasi moja inayokaa pamoja na ala inapaswa kujibu maswali machache: ilitoka kilima gani, ilipigwa na nani, ilipigwa katika shughuli zipi, nani aliichonga kama anajulikana, ilitengenezwa lini na nini kilibadilishwa. Karatasi hiyo isibandikwe kwa gundi juu ya ubao. Nakala yake abaki nayo mwanafamilia mwingine.

Inapotakiwa kuuzwa

Mnunuzi akibisha hodi, familia inafaa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, Burundi ina sheria ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa tangu mwaka 1983, hivyo ala kongwe haipaswi kuvushwa mpaka kimya kimya. Pili, bei ya ala isiyo na historia mara nyingi ni ndogo kuliko ya ile inayojulikana ilikotoka, na mnunuzi anayejua hilo huuliza maswali mengi kabla ya kutaja fedha.

Makumbusho ya Taifa yaliyoko Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ndiyo mahali pa kwanza pa kuomba ushauri nchini. Nje ya nchi, Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, yana mkusanyiko mkubwa wa ala na rekodi za Rwanda na Burundi, na mwaka 2021 yaliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi zake za muziki. Picha na vipimo vya inanga ya nyumbani vikilinganishwa na mkusanyiko wa namna hiyo vinaweza kusaidia kujua ilikochongwa.

Lakini ulinganisho huo unawezekana tu ikiwa mapengo bado yana mifereji yake, viraka vipo mahali pake na moshi haujasuguliwa. Mwenye inanga asiye na mtaalamu, fedha wala rafu ya kioo bado anaweza kufanya lililo kubwa kuliko yote kwa siku moja: kuinua ala kutoka sakafuni, kuipangusa vumbi kwa brashi, kuandika jina la aliyeipiga, na kuurudisha msasa dukani.